Gari Likianza Kugonga, Sikilizeni Kwanza

Gari la kijiji likianza kutoa mlio mpya, mara nyingi hutokea mambo mawili. Dereva huongeza sauti ya redio. Wenye gari huanza kuchangishana fedha za kufungua injini. Mambo hayo yote mawili si dawa. La kwanza linaua injini. La pili huenda likamaliza fedha za watu bure, kwa sababu ugonjwa wenyewe bado haujajulikana.

Ndugu wasomaji, leo tunaeleza namna ya kusikiliza injini ya gari kuukuu la dizeli. Hatutaki kila msomaji awe fundi makanika. Fundi ni fundi. Lakini dereva, mwenye gari, na mjumbe wa kamati anayeshika fedha, wote wanapaswa kuweza kujibu maswali mawili. Swali la kwanza: je, tuzime gari sasa hivi, au tunaweza kwenda nalo polepole mpaka kwa fundi? Swali la pili: fundi akisema injini ifunguliwe, amehakikisha kwa njia gani?

Kwetu hili si jambo dogo. Kakonko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Lami sasa ipo kutoka Nyakanazi mpaka Kabingo, kilomita 50. Lakini ukiiacha lami na kwenda upande wa Muhange au Nyabibuye, unakuta udongo mwekundu, vilima na makorongo. Huko gari la maana ni Land Cruiser refu la zamani lenye viti vya pembeni, au Land Rover. Waliofanya kazi katika kambi za wakimbizi za Nduta, Nyarugusu na Mtendeli, ile iliyofungwa mwaka 2021, wanayajua sana magari haya. Hilo hilo linalobeba maharage ndilo linalompeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Likifa kilimani mama yule yuko ndani, hakuna wa kumlaumu atakayemsaidia.

Dizeli hugonga kwa asili yake

Kwanza tuelewe kwamba injini ya dizeli haikai kimya. Wote tunaijua mashine ya kusaga ya dizeli. Unaisikia toka mbali: tu-tu-tu-tu. Haiumwi. Ndivyo inavyofanya kazi.

Ndani ya injini mna mitungi ya chuma inayoitwa silinda. Land Cruiser nyingi za aina tunayosema zina injini iitwayo 1HZ, yenye silinda sita. Injini hii ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Katika kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Pistoni ikipanda huibana hewa. Hewa iliyobanwa sana hupata joto kali. Hapo kidude kinachoitwa nozo hupuliza dizeli ndani, kama mtu anayepuliza maji kwa mdomo. Dizeli ikikutana na hewa ile ya moto hulipuka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Mlipuko ule ndio unaosikika.

Kwa hiyo hatutafuti mlio tu. Tunatafuta mlio ambao jana haukuwepo. Ni dereva anayeweza kuujua, tena dereva mmoja aliyelizoea gari. Gari linaloendeshwa na watu watano halina mtu wa kulisikiliza. Hilo ni maoni yetu, na madereva wengi wazee watatuunga mkono.

Oili kabla ya jambo lolote

Mlio mpya ukitokea, weka gari mahali tambarare, zima injini, ngoja kama dakika tano, halafu pima oili. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe katikati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, usiwashe tena mpaka umeongeza.

Tazama pia kama oili imezidi. Oili haizai. Ikiwa imepanda juu ya alama na hakuna aliyeongeza, inuse. Ikinuka dizeli, basi dizeli inavuja na kuingia ndani, na oili imekuwa nyepesi kama maji. Ikiwa nyeupe kama uji wa maziwa, maji yameingia. Katika hali zote hizo mbili gari lisiende popote.

Tena soma dashibodi. Taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili ikiwaka wakati gari linatembea, au mshale wa presha ya oili ukianguka chini kabisa, na huku injini inagonga, zima papo hapo. Usisubiri kufika kwenye kivuli. Usiseme, "Kituo ni pale karibu." Oili ndiyo inayotenganisha chuma na chuma. Presha ikiisha, chuma hukutana na chuma kinachozunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika. Mwendo mfupi sana unatosha kuharibu kile ambacho lita mbili za oili zingekiponya.

Je, mlio ni wa injini kweli?

Mara nyingi injini husingiziwa. Simamisha gari, weka gia huru, funga breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, washa injini. Mlio upo? Kama haupo, na unasikika tu gari likitembea, basi usiisumbue injini. Tafuta kwenye propela shafti, difu, beringi za magurudumu, au bomba la ekzosi linalogonga chesi. Kwenye barabara zetu bomba la ekzosi hukatika mpira wake wa kushikilia, likaanza kupiga chini kama nyundo. Mpira wa tairi kuukuu unaweza kulifunga mpaka mfike.

Kama mlio upo gari likiwa limesimama, kanyaga klachi mpaka mwisho. Ukikanyaga na mlio unaanza, beringi ya klachi imechakaa. Ukikanyaga na mlio unakoma, ukiachia unarudi, beringi ya giaboksi ndiyo inayolia. Klachi isipobadilisha kitu, endelea mbele ya injini.

Mbele kuna feni, pampu ya maji na altaneta. Vyote huzungushwa na mikanda, na kila kimoja kina beringi yake. Beringi iliyokufa haigongi. Hulia kama jiwe la kusagia, au hupiga kelele kama nzige wengi. Zima injini. Shika feni kwa mkono uitikise. Ikicheza huku na huku, au kuna alama za maji yaliyokauka chini ya pampu, umempata mwizi. Fundi anaweza pia kuondoa mikanda na kuwasha injini kwa nusu dakika tu. Mlio ukitoweka, ugonjwa uko kwenye vitu vile vya mbele. Asizidishe muda, kwa sababu bila mkanda maji hayazunguki na injini itachemka.

Hapa tuonye. Anayeinama kwenye injini inayofanya kazi avue kanga, kitenge, tai, mtandio na saa. Feni haichagui. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati injini ina moto.

Fimbo ya kusikilizia

Daktari ana mpira wa kusikilizia moyo. Fundi ana bisibisi refu. Msio na bisibisi mtafute kijiti kikavu, kigumu, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Ncha moja iguse chuma cha injini, ncha ya pili ibanwe kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Utashangaa. Sauti iliyokuwa imechanganyika itatengana. Gusa juu, gusa katikati, gusa chini karibu na sampo, lile beseni la oili. Mahali mlio unapokuwa mkali kuliko pengine, ndipo nyumbani kwake. Kaa mbali na feni na mikanda.

Mlio mwepesi wa juu, ti-ti-ti-ti, kama cherehani, mara nyingi ni tapeti. Tapeti husukuma valvu, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Nafasi ikizidi, chuma hugonga chuma. Huu si ugonjwa wa kulaza gari njiani. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tapeti iliyobana kupita kiasi haipigi kelele yoyote, na ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu valvu haifungi vizuri na huungua. Kwa hiyo tapeti hupimwa kwa kipimo chake. Fundi asikaze kwa sikio tu mpaka mlio uishe.

Mlio mwingine unaofanana nao hutoka pembeni: ti-ti-ti au pf-pf-pf asubuhi injini ikiwa baridi, na ukipata moto unapungua. Tafuta masizi meusi mahali ekzosi inapofungwa kwenye injini. Gasketi imepasuka. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa, ndiyo sababu mlio unapungua. Msiuache muda mrefu. Moshi ule huingia ndani ya gari, na abiria wakilala si wote watakuwa wamelala usingizi.

Ko-ko-ko ya chini

Sasa tunakuja kwenye mlio unaoogopwa. Unatoka chini au katikati, ni mzito, ko-ko-ko, na unazidi gari likipanda kilima likiwa na mzigo. Watu husema, "Bigi endi imekwisha." Bigi endi ni ile beringi iliyo mwisho wa konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ikiwa ni kweli imekwisha, gari halitembei hata hatua moja, kwani konrodi ikikatika hutoboa injini ubavuni na injini nzima inakuwa chuma chakavu.

Lakini si kila ko-ko ni bigi endi. Nozo mbovu hutoa mlio unaofanana nao sana. Nozo iliyokwama haipulizi mvuke. Humwaga mafuta kama mrija, tena wakati usiofaa, na silinda ile hupigwa nyundo. Hapo ndipo fedha za vijiji hupotelea.

Tuchukue mfano wa gari la kikundi kimoja cha wakulima wa huku kwetu. Land Cruiser lao lilianza ko-ko likitoka mnadani na mzigo. Fundi wa kwanza alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema bigi endi, injini ishushwe. Kamati ilikaa. Wengine walitaka gari liuzwe kama lilivyo. Mzee mmoja, msomaji wa darasa letu, aliuliza, "Fundi, umejuaje?" Fundi alijibu kwamba ana uzoefu wa miaka mingi. Mzee akasema, "Uzoefu tunauheshimu, lakini tunataka kuona." Kamati ikaita fundi wa pili.

Yule wa pili alianza kwa maswali. Mlio umeanza lini? Oili ikoje? Dizeli mlinunua wapi? Alipima oili akakuta iko sawa. Mshale wa presha haukuwa chini. Kisha, injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa, alifunika nati ya bomba la dizeli la silinda ya kwanza kwa kitambaa, akailegeza kidogo kwa spana. Silinda ile ikakosa mafuta, injini ikatetemeka, ko-ko ikaendelea. Akakaza. Akaenda ya pili, vile vile. Alipolegeza ya tatu, ko-ko ikanyamaza.

Wajumbe walipiga makofi, lakini fundi hakupiga. Alieleza kwamba bigi endi pia hunyamaza ukiinyima silinda mafuta, kwa sababu mzigo umeondoka. Kwa hiyo sasa anajua ni silinda ipi, bado hajajua ni ugonjwa upi. Alizima injini, akachomoa nozo ya silinda ya tatu na ya tano, akazibadilishana. Akawasha, akarudia kulegeza nati. Safari hii ko-ko ilinyamaza kwenye silinda ya tano. Mlio ulikuwa umehama pamoja na nozo. Bigi endi haiwezi kuhama. Injini haikufunguliwa. Nozo zilipelekwa kupimwa kwenye mashine ya presha, mbili zikabadilishwa ncha, na maji yakakutwa kwenye filta ya dizeli.

Kazi hii ya kulegeza nati ni ya fundi. Dizeli hutoka kwenye nozo kwa nguvu inayotoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu anaweza kukatwa kidole au mkono. Aliyepigwa hivyo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu. Na njia hii ni ya injini za zamani zenye pampu ya kawaida. Magari mapya ambayo pampu yake inaongozwa na kompyuta yasifunguliwe nati hizo kabisa.

Mlio ungebaki kwenye silinda ya tatu ingekuwa habari nyingine. Hapo fundi humwaga oili kwenye beseni safi na kuitazama juani. Ikimetameta kama magamba ya dagaa, beringi inaliwa. Hapo sampo ishushwe, na hakuna kubishana.

Dizeli ya dumu na vumbi la kiangazi

Maji yale kwenye filta hayakutoka mbali. Vijijini tunanunua dizeli kwenye madumu. Dumu limekaa nje usiku, mvua imenyesha, kifuniko ni kipande cha nailoni. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Nozo hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji huila kwa kutu. Acheni dumu litulie usiku mzima, mimineni polepole kwa kitambaa safi, na kiasi cha chini msikitie. Chini ya filta kuna kizibo cha kutolea maji. Dereva akilegeze mara kwa mara, hasa masika.

Kiangazi adui ni vumbi. Filta ya hewa ikiziba, gari hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Filta ikitoboka ni vibaya zaidi, vumbi huingia na kusaga silinda. Msiipige filta ukutani. Ikungʼuteni kwa mkono, na ikichakaa nunueni nyingine.

Mkanda usiosema

Kuna ugonjwa mmoja ambao masikio hayasaidii sana. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi, uliofichwa mbele nyuma ya kifuniko. Ndio unaofanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana. Ukikatika, pistoni hupiga valvu na kuzipinda, na injini husimama hapo hapo. Mara nyingi hukatika bila kutoa mlio wowote kabla. Kwenye dashibodi kuna taa yenye maandishi T-BELT, ambayo huwaka kila gari linapotimiza kilomita 100,000. Ikiwaka, mkanda ubadilishwe. Kwenye magari kuukuu taa hii huenda imekufa au imeondolewa, kwa hiyo ulizeni mkanda ulibadilishwa lini, na kama hakuna anayejua, hesabuni kwamba haujabadilishwa. Land Rover za Series III, zilizotengenezwa mwaka 1971 hadi 1985, zina mnyororo badala ya mkanda. Mnyororo ukilegea huchakacha mbele ya injini, na huo mnausikia.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapoingia garini. Tunashauri kila gari la kikundi liwe na daftari, lifungwe kwa kamba karibu na kiti cha dereva. Dereva aandike hivi: "Jumanne. Kilomita 312,640. Oili imeongezwa lita moja. Dizeli ya dumu lita 20. Mlio ko-ko kilimani, gia ya tatu, injini ya moto. Tambarare haupo." Mistari kama hiyo humpa fundi nusu ya jibu kabla hajafungua boneti. Na kamati ikiona oili inaongezwa lita moja kila wiki, itajua kuna mahali inakwenda.

Mkiamua gari livutwe, msitumie kamba kwenye vilima vyetu. Tumieni bomba la chuma lenye pini pande zote mbili. Gari lililozimwa breki zake huwa nzito sana, kwa sababu nguvu ya kusaidia breki hutoka kwenye injini. Usukani nao huwa mzito. Kwa hiyo anayekaa kwenye usukani awe dereva mwenye nguvu na mzoefu, gia iwe huru, mwendo usizidi wa baiskeli, na mgonjwa asiachwe ndani ya gari linalovutwa. Ahamishiwe kwenye lile linalovuta.